Utepe wa Mbwa wa Shangazi

Shangazi yangu Mwanahawa tulimzika Mabwerebwere, Kilosa, Jumatano baada ya adhuhuri, na mimi sikulia. Nalisema mapema ili mtu asije akadai nimelificha. Wanawake wa matangani walinitazama wakanong'ona kwamba Tabora imenikausha, maana nimefundisha huko miaka mingi, na wote wanajua nilikuwa sikanyagi Kilosa ila kwa msiba. Waache wanong'one. Ya ukoo wetu siyaelezi, nani alimzaa nani na nani alihamia kutoka wapi. Nitaeleza mwaka mmoja tu, niliokaa na shangazi Mikumi nikiwa na miaka kumi na nane, na mbwa mmoja aliyekuwa amekabidhiwa kwangu. Mtaani kwangu leo wananiita Mama Chanjo. Siku ya kuchanja mbwa ikitangazwa nagonga mageti nyumba hadi nyumba, na mwenye mbwa asiyetoka namfokea mbele ya watoto wake. Nikikuta mbwa amefungwa juani bila maji nasimama pale pale mlangoni mpaka yaletwe. Majirani wanadhani ni wema wa uzeeni. Si wema hata kidogo.

Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka yaliyozoea kuwa na viberiti na majembe yalijaa ghafla sabuni za kunukia na redio za kaseti, na mitumba ikamwagwa kwenye maturubai kila gulio. Malori yaliongezeka barabarani, yakawa yanasimama Mikumi kabla ya kuvuka mbuga au baada yake. Shangazi alikuwa mjane mwenye akili ya biashara kuliko wanaume wengi ninaowajua. Aliuza shamba lake la kijiji cha Ulaya, huko huko Kilosa, akajenga banda la mabati kando ya barabara, meza nne mbele, jiko nyuma, na uwanja wa kuegesha malori matano. Tukaliita hoteli. Asubuhi ilikuwa chapati na chai ya maziwa, mchana wali na maharage au mchuzi wa kuku, jioni ugali na nyama kwa wanaolala ndani ya malori yao. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa ya aibu, baba akanipeleka kwa dada yake nikajifunze maisha. Nilijifunza kukata vitunguu bila kutazama kisu, na nilijifunza kusikiliza, kwa sababu dirisha la jikoni lilitazama meza za madereva, na madereva husema lolote mbele ya msichana wa jikoni. Nilijua nani ana mke wa pili Makambako na nani anauza dizeli ya tajiri wake njiani.

Malori yalitaka ulinzi, na ulinzi ulitaka mbwa. Majirani hawakukubali. "Swala tano hazimpiti, halafu anafuga mbwa!" walisema, tena kwa sauti ya kusikika. Shangazi alimpa mbwa jina la Watasema, na kila asubuhi alimwita kwa sauti kubwa mpaka nyumba ya tatu. Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, kifua kipana, sikio moja limepasuka. Alifungwa nyuma ya jiko kwenye rimu ya lori iliyozikwa nusu ardhini, mnyororo wa hatua tatu. Kumlisha na kumnywesha ilikuwa kazi yangu, nami nilimsukumia sinia la mabaki kwa mti kwa sababu nilimwogopa na kwa sababu nilimwona kinyaa. Maji nilimpa nikikumbuka. Mnyororo ulikuwa umemkata shingo, nzi wakawa wanatua pale mchana kutwa. Niliona. Nitakuwa mwongo nikisema sikuona.

Aliyelitamka jambo hilo alikuwa Nashipai, dada wa Kimasai aliyetuletea maziwa. Boma lao lilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, njia ya kwenda Kilosa. Alikuwa na umri wangu au kunizidi kidogo, meno meupe, mcheshi, na Kiswahili chake alikiokota sokoni akakipanga anavyotaka mwenyewe. Mara nyingi alifuatana na Nolari, mke mdogo wa mume wao, msichana mwenye mtoto wa kunyonya mgongoni ambaye Kiswahili kilikuwa bado kinamshinda. Asubuhi moja Nashipai alitua maziwa, akaenda nyuma ya jiko, akarudi amekasirika.

"Zuhura, yule mbwa iko nyama nje. Wewe hapana macho?"

"Mkali yule. Atakung'ata."

"Mkali kwa sababu inauma." Akaomba kipande cha gunia na samli kidogo. Nilisimama mlangoni nikamtazama akimfungua Watasema mnyororo, akimpaka samli shingoni, akiuzungushia mnyororo gunia kabla ya kuufunga tena. Mbwa alitulia tuli. Nashipai hakuwa ananibembeleza. "Ukimfunga mnyama, wewe ndiyo miguu yake," alisema. "Maji hawezi kufuata. Kivuli hawezi kufuata. Adui ikija, hawezi kukimbia. Sasa wewe unakaa ndani unakunywa chai." Nikacheka kwa haya. Tangu siku hiyo nilimwekea Watasema ndoo ya maji, na Nashipai akawa hapiti bila kumsalimia. Urafiki wetu ulianzia pale, kwenye gomvi. Alinisuka nywele, nikamfundisha kuandika jina lake kwenye unga uliomwagika mezani, akalifuta kwa kiganja na kuliandika tena, huku Nolari akichungulia na kuuliza kwa lugha yao ni kitu gani hicho.

Wake wenza wale walipatana, lakini kuna siku waligombana jikoni kwetu. Nolari alikuwa ameongeza maji kwenye galoni ili lijae, Nashipai akagundua na kumpandishia sauti, Nolari naye akajibu kwa ukali akamwelekezea kidole usoni. Hatukuelewa neno. Madereva waliinuka mezani kuja kutazama, wakapiga makofi, na mmoja akasema, "Huyo mdogo atamtilia mwenzake kitu kwenye maziwa siku moja." Walicheka sana. Hata mimi nilicheka. Kesho yake wenyewe walikuja pamoja wanataniana, wakawa wameshasahau.

Kabla ya mvua za vuli bwana mifugo alipita na baiskeli akitangaza kwa kipaza sauti cha bati. Jumamosi, uwanja wa shule ya msingi, kila mbwa akachanjwe kichaa. Atakayechanjwa atafungwa utepe mwekundu shingoni. Baada ya wiki mbili, mbwa asiye na utepe atapigwa risasi, mwenyewe asimlaumu mtu. Madereva wakatoa elimu yao mezani: mbwa akichanjwa anapoa, hawezi tena kulinda, analala usiku kucha. Shangazi aliwasikia, akabana midomo. "Upuuzi mtupu. Mnyama wangu, dhamana yangu. Zuhura, utampeleka."

Sikumpeleka. Jumamosi ile nilikuwa na gauni jipya la mitumba lenye maua ya njano, na njia ya kwenda shuleni ilipita stendi walipokaa vijana. Niliona jinsi watakavyosema, mtoto wa Kiislamu anaburuta mbwa barabarani. Nikajiambia nitangulie kwanza nikatazame foleni. Nikakuta vumbi, kelele, vijana wenye fimbo, mbwa wamefungwa kamba za katani wanararuana. Mbwa wawili walichomoka, bwana mifugo akaacha meza akakimbia kuwafukuza. Pale mezani tepe zilikuwa zimekwisha kukatwa, zimewekewa chupa juu zisipeperuke. Nikachukua moja. Hakuna aliyeniona. Nilirudi nyumbani nikainama kumfunga Watasema shingoni kwa mikono yangu mwenyewe, juu kidogo ya gunia la Nashipai, naye akanilamba kiganja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumgusa.

"Amechanjwa?" shangazi aliuliza kutoka jikoni.

"Ndiyo, shangazi."

"Hakusumbua?"

"Hata."

Njia ya mwongo fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu, miaka thelathini na ushei, na kila hatua nilipata nafasi ya kurudi. Nikiwapigia kelele majirani zangu leo hawajui kwamba simfokei mtu mzembe wa mtaani. Mbwa hawezi kwenda mwenyewe kwenye foleni. Akikosa kufika pale, mtu fulani mwenye miguu miwili aliamua hivyo, kwa uvivu au kwa gauni la maua.

Wiki chache baadaye, alfajiri wakati napuliza mkaa, nilimwona mbwa mgeni akitokea upande wa shimo la takataka. Alitembea moja kwa moja, kichwa chini, mate yananing'inia, hanusi kitu, hageuki. Watasema alibweka, akavuta mnyororo kurudi nyuma mpaka ukakaza. Mgeni alimng'ata puani, akamwachia, akaendelea na safari yake kuelekea barabarani kwa mwendo ule ule. Yote hayakuchukua muda wa kumimina chai. Nikamwambia shangazi mbwa wamepigana. "Basi afadhali umemchanja," alisema, akaendelea kukanda unga. Nikarudi kupuliza mkaa wangu.

Nikaanza kumchungulia kila asubuhi. Siku zikapita, wiki zikapita, kidonda cha pua kikakauka, nikaanza kupumua. Halafu siku moja hakugusa chakula. Kesho yake alikuwa amejibana kwenye rimu, taya la chini limelegea, mate yanamtoka mfululizo, na akijaribu kubweka ilitoka sauti ya kukwaruza isiyo yake. Shangazi alitoka akashika kiuno. "Mfupa! Si nilikwambia usimpe mifupa ya kuku? Umemkwama kooni huo. Mnyama atakufa hivi hivi kwa uzembe wako." Naapa, nilifurahi. Mfupa! Nilikuwa tayari kuwa na kosa la mfupa. Nililikumbatia kosa hilo kwa moyo wote, kwa sababu lile lingine sikutaka hata kulitaja moyoni.

Nashipai alifika na maziwa, Nolari nyuma yake. Nikamwita mimi mwenyewe. Hakuna aliyenituma.

"Nashipai, Watasema amekwamwa na mfupa. Wewe humwogopi."

Alimchuchumalia mbele, akamtazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Watu wa ng'ombe wanajua wanyama. Hakumgusa. Aligeuza kichwa akanitazama usoni.

"Hii chanjo ilipata?"

Nolari alikuwa amesimama hapo na mtoto mgongoni. Shangazi alikuwa mlangoni na mwiko. Nikasema, "Si unaona utepe?"

Akaona utepe. Akatikisa kichwa, akakunja shuka, akaniambia nishike taya la juu. Nilimshika, nikiwa na jeraha bichi la kisu kwenye kidole, na mate yakanichuruzika mpaka kiwikoni. Nashipai akaingiza mkono mdomoni mwa mbwa mpaka karibu na kifundo, akapapasa kooni. Watasema hakuwa na nia mbaya. Alitetemeka tu, na taya likabana mara moja. Nashipai akautoa mkono. Jino lilikuwa limechana ngozi nyuma ya kidole gumba, mkwaruzo mdogo wa kutoa matone mawili matatu ya damu. "Mfupa hakuna," alisema.

Shangazi alitushika sote wawili akatupeleka kwenye pipa. Mate ya mbwa kwake yalikuwa najisi, na mkono ule ndio ulioshika maziwa anayouzia watu chai. Alituosha mara saba, moja kwa udongo, akihesabu kwa sauti, akisugua mpaka Nashipai akacheka na kumwita mama kwa lugha yao, "Yeyo, unatoa ngozi." Aliondoka anapunga mkono. Siku ya pili yake Watasema alikufa na mnyororo shingoni, na ndoo ya maji imejaa pembeni yake.

Dereva mmoja wa Mbeya alikuwa anakula chapati. Alikwenda nyuma kutazama, akarudi hataki tena chai. "Mama, huyo si mfupa. Huyo ni kichaa. Sisi kijijini kwetu tulizika mtu kwa mambo hayo." Shangazi akamwambia mbwa alichanjwa. "Basi sijui," alisema dereva, "lakini kama kuna aliyeguswa na mate yale, awahi sindano. Ikishapanda kichwani hakuna mganga wala daktari." Nilikuwa dirishani na bakuli la vitunguu. Nililiacha nikaenda kupiga magoti mbele ya shangazi, nikamwambia yote, stendi, foleni, chupa juu ya tepe. Nilitegemea kofi. Shangazi alikaa chini kwenye gunia la mkaa, kanga yake safi, akanitazama kidole changu kilichokatwa. "Lahaula," alisema. Kisha akainuka, akasema, "Funga nguo zako. Tunakwenda Kilosa."

"Na Nashipai?"

"Nimesema funga nguo."

Hospitalini kulikuwa na muuguzi mtu mzima, mpole. Aliandika maelezo, akafungua friji, akatoa boksi, akalitikisa. "Bahati yako, binti. Ninayo dozi ya mtu mmoja tu. Sindano za tumboni, kumi na nne, kila siku moja, usikose." Akainua macho. "Kuna mwingine aliyeng'atwa au kuguswa? Niambieni sasa. Nikituma Morogoro leo, baada ya siku tatu nne itakuwa imefika."

Nilimtazama shangazi, shangazi akalitazama lile boksi. "Hakuna," alisema. "Ni huyu tu."

Muuguzi akanigeukia mimi. "Ni wewe tu?"

Nikainamisha kichwa, naye akachukua hilo kuwa jibu.

Tulifikia Mabwerebwere kwa rafiki wa shangazi, tukisema nina malaria sugu. Kila asubuhi nililala nikafunua tumbo. Siku ya tatu, tumbo limevimba na kuwaka, nilimuuliza shangazi tukiwa tumekaa kwenye mkeka tunachambua mchele: kama kuosha mara saba kunatosha kwa Nashipai, kwa nini hakukutosha kwangu? Hakuinua uso. "Wewe ni amana ya kaka yangu," alisema. "Yule nimemwosha kwa mikono yangu. Mungu atatazama." Kisha akaongeza, taratibu, akiokota mawe madogo kutoka kwenye sinia: "Wafugaji na wakulima huko wananyemeleana tayari. Ikijulikana mbwa wangu mimi, na utepe wa wizi, wataichoma ile hoteli na sisi ndani. Nyamaza, Zuhura. Mkono utapona." Hakuwa katili, shangazi yangu. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu akishakuwa na ndugu wa kumwokoa, wengine wote hawaoni. Nimejaribu miaka yote kumlaumu yeye, lakini ulimi ulikuwa wangu pia.

Tuliporudi Mikumi mkono ulikuwa umepona kweli. Nashipai alinionyesha, akakunja na kukunjua vidole. "Ulikuwa wapi wewe? Malaria gani inanenepesha?" Kila asubuhi aliingia, kila asubuhi nilipanga kusema akishatua galoni, halafu akishapimwa maziwa, halafu akishamaliza chai, na kisha nilimwona mgongo akivuka barabara. Tumbo langu bado lilikuwa na vinundu vya sindano. Nilivipapasa chini ya kanga huku nacheka naye. Kama kuna jehanamu ya watu wa kawaida, wasioua mtu kwa panga, basi ni ile meza ya jikoni, na rafiki yako anapuliza chai upande wa pili.

Mwezi wa pili tangu turudi haujaisha, Nolari alikuja peke yake. Alitua galoni, akashika koo lake mwenyewe kwa mkono, akatafuta maneno. "Nashipai. Maji, hapana. Maziwa, hapana." Nikavua aproni nikamfuata bila kuaga. Njia nzima Nolari alilia kimyakimya akitembea haraka, mtoto akiyumba mgongoni. Ndani ya nyumba ile ya udongo palikuwa giza na moto mdogo, na Nashipai alikuwa amekaa kitako, macho yamemtoka, anaongea haraka haraka. Alinitambua. "Zuhura, niandike," alisema, nikadhani anataka lile jina letu la kwenye unga. Mama mmoja alimsogezea kibuyu cha maziwa mdomoni, na kabla hakijamgusa mwili wote ulishtuka, koo likajikaza mbele ya macho yetu, akakisukuma kibuyu kikamwagika motoni. Hata upepo wa mlango ulipofunguliwa ulimfanya vivyo hivyo. Nilitoka nje nalia.

Mumewe, mzee Olais, alikuwa amesimama kando ya zizi na wazee wenzake wawili. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akasubiri nimalize kulia, kisha akaniuliza kwa Kiswahili safi cha mtu aliyezoea minada.

"Binti, alituambia mbwa wa kwenu alimkwaruza. Sisi tunajua ugonjwa huu kwa mbwa. Nataka uniambie kweli. Yule mbwa alichanjwa?"

Siku ile hakuna dawa ambayo ingemrudisha Nashipai, kweli yangu isingemponya. Ndivyo nilivyojitetea baadaye. Lakini wakati ule sikufikiria hata hilo. Niliwaza tu hoteli, moto, na uso wa baba yangu.

"Alikuwa na utepe, mzee," nikasema.

Wazee walitazamana. Mmoja alisema jambo kwa lugha yao, na wote watatu waligeuka wakamtazama Nolari, aliyekuwa amechuchumaa mlangoni ananyonyesha. Niliona walivyomtazama. Sikujua maana yake, na sikutaka kuijua, nilitaka kuondoka. Nashipai alifariki siku iliyofuata. Kabla ya mwaka kwisha nilirudi kwa baba, nikarudia mitihani kwa wazimu, nikapata ualimu, nikaomba mkoa wa mbali. Shangazi naye aliuza hoteli akahamia Mabwerebwere. Tulizungumza kwa barua, baadaye kwa simu, juu ya afya na bei ya mchele, na jina la Nashipai halikuwahi kupita kati yetu.

Sasa nifike arobaini ya shangazi, mwezi uliopita. Nilikuwa uani napakua pilau, na kati ya wanawake waliokuja kusaidia alikuwemo mama wa Kimasai, mvi kichwani, anaosha sufuria kubwa kuliko yeye. Wenyeji walisema ndiye aliyekuwa akimpikia na kumwogesha shangazi miaka yake ya mwisho, ana chumba chake pale pale uani. Siku ya mazishi, katika umati ule, hatukuonana. Nilipompelekea sahani alinitazama, akaliita jina langu. Nilimjua kwa sauti. Nolari! Tulikumbatiana, nikaketi naye kwenye mkeka, na kwa Kiswahili ambacho sasa kinatiririka kuliko changu akanisimulia huku anakula.

"Baada ya mwenzangu kufa, mzee alisema ni mimi. Nimemtilia sumu kwenye maziwa. Wakakumbuka tulivyogombana kwenu jikoni, hata madereva walikuwa mashahidi. Nikasema ni yule mbwa. Wakasema mbwa alichanjwa, binti mwenyewe katwambia." Alimeza tonge. "Nikafukuzwa kwa fimbo. Mtoto walinitoa mgongoni, kwetu mtoto ni wa baba. Ningekufa porini, Zuhura. Shangazi yako alinikuta stendi hapa Kilosa akanichukua. Hakuniuliza hata swali moja. Watu wema wapo duniani."

Ningeweza kunyamaza. Wageni walikuwa wanakula, kisomo kimekwisha, marehemu anasifiwa kila kona, na mtu mmoja tu aliyekuwa akijua pamoja nami alikuwa kaburini. Nilijaribu, kwa muda wa tonge mbili hivi. Kisha nikamwambia. Nikaanza na gauni la maua nikamaliza na zizi la Olais, na sikuruka sindano hata moja. Nolari aliacha kula.

"Shangazi yako alijua?" aliuliza.

"Alijua."

"Siku aliyonichukua stendi, alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua."

Watoto walikuja kuchukua sahani, wakatutazama, wakaondoka bila kuzichukua. Nilianza kuomba msamaha, akainua kiganja nisiendelee. Alijifuta mikono kwenye lubega lake kidole kimoja kimoja, akainuka kwa kushika goti.

"Olais bado yu hai," alisema. "Yuko upande wa Ulaya, na mwanangu anakaa naye. Mwanangu ana watoto sasa, na watoto wake wameambiwa bibi yao ni mchawi. Gari la Ulaya linaondoka saa tisa."

"Nolari, leo? Kuna wageni..."

"Vaa viatu."

Nikaenda mlangoni kutafuta viatu vyangu kati ya viatu vya waombolezaji.